Amplifaya inakata sauti na kurudi: pa kuanzia

Amplifaya iliyokufa kabisa ni kazi nyepesi kuliko hii. Iliyokufa inatulia mezani, fundi anapima hatua kwa hatua mpaka anafika mahali umeme ulipoishia. Hii ya kukata na kurudi ni jeuri. Inakata katikati ya pambio, ikifika kwa fundi inaimba vizuri, ikirudishwa nyumbani inakata tena Jumapili. Mwenye nayo anaambiwa "haina kitu", analipa hela ya kufunguliwa, na mwisho anaiuza kwa bei ya kutupa.

Mwongozo huu ni wa amplifaya za gitaa, besi na kinanda, hasa zile za boksi moja lenye spika ndani yake. Msimamo wangu ni huu: sauti ikiwa inaondoka na kurudi yenyewe, mara nyingi sana tatizo liko mahali ambapo chuma kinagusana na chuma, si kwenye transista wala aisi. Kifaa kilichoungua hakifufuki baada ya dakika mbili. Kwa hiyo usinunue kipuri, wala usikubali mtu abadilishe kipuri, kabla ugonjwa haujajitokeza mbele yako kwa kitendo unachoweza kukirudia: ukikunja hapa inakata, ukiachia inarudi. Kupiga kofi juu ya boksi mpaka sauti irudi hakuhesabiki kuwa ni matengenezo, ingawa kuna bendi zimeishi kwa kofi hilo miaka mingi.

Hatua nyingi hapa chini hazihitaji bisibisi. Ukifika kwenye kufungua nitasema, na hapo soma taratibu.

Sikiliza inapokata, kabla hujagusa kitu

Kila amplifaya ikiwashwa na kupandishwa sauti ina upepo wake, ule mlio wa "shhh" unaosikika chombo kikiwa kimya. Upepo huo ndio utakaokuambia tatizo liko upande gani. Sauti ikikata, usikimbilie waya. Sogeza sikio kwenye spika, angalia taa, kisha zungusha nobu ya geni (GAIN, inayopandisha sauti mwanzoni kabisa) na ya volumu.

Taa ikizimika pamoja na sauti, shida ni umeme unaoingia. Angalia plagi, soketi, ekstensheni, na waya ule unaochomekwa nyuma ya boksi, ambao hulegea kwa kuvutwavutwa. Kwenye mahema ya harusi, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye nyingine, na moja kati yao ina soketi iliyoungua kwa ndani. Kinanda kinachotumia adapta nacho kina ugonjwa huohuo: pini ya adapta inashika na kuachia, kinanda kinajizima na kujiwasha, lawama inaiendea amplifaya.

Taa ikiwaka, upepo ukawepo na ukaongezeka unapopandisha geni, basi kuanzia kwenye geni mpaka kwenye spika hakuna kasoro. Tatizo liko kabla ya hapo: chombo, waya, au tundu la kuingizia.

Upepo ukiwepo kidogo tu, na ukawa haubadiliki hata uzungushe nobu zote, sehemu ya nguvu iko hai lakini hailetewi kitu. Tafuta katikati: matundu ya SEND na RETURN, volumu kuu, swichi za chaneli.

Kukiwa na kimya kabisa, taa inawaka lakini hata upepo hakuna, nenda mwishoni mwa safari ya sauti: spika na waya wake, tundu la hedifoni, rilei ya kulinda spika (swichi inayojifunga na kujifungua kwa umeme), au sehemu ya nguvu yenyewe.

Kuna dalili nyingine naipenda sana kwa sababu haidanganyi mara nyingi. Sauti imefifia, inakwaruza, halafu mpigaji akichapa nyuzi kwa nguvu inafunguka ghafla na kubaki wazi kwa muda. Hiyo ni kontakti (bati zinazogusana kupitisha umeme) iliyoshika kutu. Mawimbi madogo ya umeme hayapenyi utando wa kutu, makubwa yanautoboa. Dalili hiyo ikionekana, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 3.

Hatua ya 1: Ondoa kila kitu kilichoko katikati

Pedali, wayalesi, swichi ya mguu, vyote viweke kando. Chukua gitaa lingine na waya mwingine ambao umeuona kwa macho yako ukifanya kazi dakika hiyohiyo, uchomeke moja kwa moja kwenye amplifaya. Watu wengi wanabadilisha waya mbovu kwa waya mbovu mwingine kutoka kwenye begi lilelile.

Swichi ya mguu husahaulika. Waya wake ukikatika ndani, amplifaya inaweza kuruka kwenda chaneli nyingine ambayo volumu yake iko sifuri, na masikioni ikawa ni sauti iliyokata. Ichomoe, uchague chaneli kwa kitufe cha mbele.

Kupima waya, weka mita kwenye alama ya mlio. Gusa ncha ya jeki moja na ncha ya jeki ya pili; mita ilie. Kisha gusa shina kwa shina, ilie tena. Kisha ncha kwa shina, inyamaze. Sasa rudia huku ukikunja waya karibu na jeki, upande huu na upande ule, kwa sababu mara nyingi unakatikia sentimita chache tu kutoka kwenye jeki, mahali unapopindwa kila siku. Mlio ukikatika, umeupata. Kata kipande hicho, menya upya, chomea lehemu, na hakikisha kibano cha ndani ya jeki kimeshika ganda la nje la waya. Kisiposhika ganda, lehemu ndiyo itakayobeba uzito wote na hautamaliza mwezi.

Kwenye gitaa, shika jeki ujaribu kuizungusha. Tundu likizunguka nalo, nati imelegea, na nyaya za ndani zinasokotwa kila unapochomeka. Usikaze nati tu kwa nje. Fungua kibati chake, shika tundu kwa ndani, ndipo ukaze, la sivyo unamalizia kukata nyaya hizo. Angalia pia ulimi wa tundu, ule wa kushika ncha ya jeki: ukiwa umekaa nje sana, usukume kidogo urudi ndani.

Wapiga besi wenye betri ya volti 9 ndani ya chombo: anzeni na betri. Ikikaribia kuisha, sauti inakwaruza kwenye noti nzito, inakata, inarudi ukipiga polepole. Betri hiyo huliwa muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi, kwa hiyo ukimaliza chomoa.

Hatua ya 2: Tundu la kuingizia

Chomeka waya mzuri, piga noti moja ndefu (kwenye kinanda, shikilia ufunguo wa ogani), kisha sukuma jeki kwa kidole kimoja juu, chini, kushoto, kulia. Taratibu, usiitumie kama wenzo. Sauti ikikata upande mmoja tu, ama ulimi wa tundu umelegea, ama miguu ya tundu imeachana na lehemu yake kwenye bodi. Amplifaya nyingi za siku hizi tundu zake zimesimama juu ya bodi yenyewe, na kila anayekanyaga waya jukwaani anaivuta bodi hiyo.

Mulika pia ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Amplifaya iliyokaa stoo bila kufunikwa hupata wageni. Wale nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda tundu la milimita 6 kuliko nyumba yoyote, na ukichomeka jeki bila kuangalia unashindilia udongo kwenye kontakti. Utoe kwa kijiti na upepo.

Hatua ya 3: SEND na RETURN

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo amplifaya nzima nyingi zinapohukumiwa kuwa mbovu.

Nyuma ya amplifaya nyingi kuna matundu mawili ya kuunganishia vifaa vya kupamba sauti: moja limeandikwa SEND, jingine RETURN. Kwenye baadhi ya zile za besi huandikwa PRE OUT na POWER IN. Watu wengi hawajawahi kuyatumia, na kutotumika huko ndiko kunakoyaua. Ndani ya tundu la RETURN kuna kontakti ndogo ya bati: tundu likiwa tupu, kontakti imejifunga na sauti inapita juu yake kwenda sehemu ya nguvu, ukichomeka jeki, kontakti inafunguka. Kwa hiyo sauti yako yote, kila siku, inapita kwenye mguso mmoja mdogo ambao haujawahi kusuguliwa tangu kiwandani. Pwani, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, hewa ina chumvi na unyevu, na mguso huo unaota utando mapema. Bara, vumbi linafanya kazi hiyohiyo polepole zaidi.

Jaribio lake ni la sekunde kumi. Chukua waya mfupi wa kawaida wa jeki mbili, chomeka upande mmoja SEND, upande mwingine RETURN. Sauti ikirudi na kutulia, umemkamata. Unaweza hata kupiga shughuli yote ukiwa umeuacha waya huo mahali pake.

Kuusafisha, zima amplifaya na uchomoe umeme. Nunua dawa ya kopo ya kusafishia kontakti, ile inayokauka yenyewe. Mafuta ya kulainishia bawaba za milango hayafai. Yanafanya kazi wiki moja, kisha yanakusanya vumbi na kugeuka tope. Puliza kidogo ndani ya tundu na juu ya jeki, ingiza na kutoa jeki mara ishirini hivi, acha pakauke, rudia. Ikiwa baadaye utafungua boksi na kontakti inafikika, pitisha kati ya bati zake mbili kipande chembamba cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti safi, kivute. Kitatoka na mstari mweusi. Usitie msasa hata ule laini: unakwangua nikeli iliyopakwa juu, na shaba iliyobaki wazi itaota kutu upesi zaidi ya mwanzo.

Dawa ikishindwa, tundu libadilishwe. Ni kipuri cha bei ndogo, ila pima nafasi ya miguu yake kabla hujaenda dukani, kwa sababu yako ya aina nyingi.

Hatua ya 4: Hedifoni na spika

Tundu la hedifoni lina kontakti ya ujanja uleule: likiwa tupu, spika inalia; ukichomeka hedifoni, spika inanyamaza. Likishika kutu spika inakata wakati hakuna aliyechomeka chochote. Ingiza na kutoa jeki mara kadhaa huku amplifaya ikiwa imeshushwa sauti. Hali ikibadilika, lisafishe kama hapo juu.

Kisha spika. Amplifaya ikiwa imezimwa, chomoa waya wake na upime kwa mita. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) itaonyesha kati ya 5 na 7, hivyo usishtuke kukosa 8. Mita ikiwa bado imeshika, sukuma koni kwa vidole vilivyotandazwa pande zote sawasawa, ndani na nje kidogo. Namba zikirukaruka au zikipotea, ama zile nyuzi mbili zilizosukwa zinazotoka kwenye vituo kwenda kwenye koni zimekatika ndani ya ganda lake, ama koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeachia. Nyuzi zinabadilishika, koili ni kazi ya fundi wa spika anayefunga upya.

Kabla ya kufika huko, hakikisha klipu za waya zinazobana vituo vya spika zimebana kweli. Zikitoka kwa kuvutwa na kidole, zibane kwa koleo. Amplifaya inatetemeka juu ya spika yake saa nzima. Klipu legevu haina pa kujificha.

Onyo kwa wenye amplifaya za valvu, zile zenye vioo vinavyowaka ndani: msiiwashe na kuipiga spika ikiwa imechomolewa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na bei yake si ya mchezo.

Hatua ya 5: Joto, mzigo na umeme

Ikiwa inakata baada ya nusu saa ya kelele, inapumzika, inarudi, kisha inakata tena mapema zaidi, huenda inajilinda. Nyingi zina kinga ya joto. Angalia feni inazunguka, matundu ya hewa hayajazibwa na pazia au ukuta, na vumbi halijafunika chuma cha kupozea kama blanketi.

Hesabu pia spika za nje. Nyuma pameandikwa omu za chini zinazoruhusiwa. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba ni omu 4; ya 8 na ya 4 pamoja ni takriban 2.7, na kwa amplifaya inayoruhusu 4 hiyo ni kuibebesha mzigo wa kuichosha.

Umeme wa gridi Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Pima kwenye soketi wakati bendi nzima inapiga, si wakati wa kufunga mitambo. Ukiona inaporomoka chini ya 200 kila besi inapoingia, rilei ya kulinda spika inaweza kuachia na utaisikia ikilia "tak" ndani ya boksi. Hapo tatizo ni jenereta dogo au ekstensheni nyembamba ndefu. Na tafadhali, usivunje wala kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma huku midomo iko kwenye maikrofoni. Akipitiwa na umeme hapo, anaweza kufa.

Hatua ya 6: Nobu na swichi

Upesi upesi: zungusha kila nobu kutoka mwanzo hadi mwisho mara kumi, bonyeza kila swichi. Ikikwaruza na kukata sehemu moja ya mzunguko, pulizia dawa ndani ya mwili wa volumu, kile kifaa kilicho nyuma ya nobu, kupitia upenyo ulio karibu na miguu yake. Kupulizia juu ya nobu hakufiki kokote.

Hatua ya 7: Kufungua

Chomoa umeme, usizime tu. Kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji. Amplifaya ya transista ya kawaida ina volti 30 hadi 50 kila upande; zile nyepesi za kisasa zenye pawasaplai ya swichi zina zaidi ya 320 upande wa umeme wa ukutani; za valvu hufika 300 hadi 500. Hizi aina mbili za mwisho, kama hujafundishwa na mtu, ishia hapa umpelekee fundi. Ya transista, subiri, pima kapasita kwa mita mpaka isome karibu na sifuri, na usizimalize chaji kwa kuzigusisha bisibisi.

Kwanza tumia macho. Kamera ya simu ikivutwa karibu inatosha. Geuza bodi upande wa lehemu, tafuta pete nyembamba nyeusi inayozunguka mguu wa kifaa: huo ni ufa. Anza na miguu ya matundu na volumu, kisha kapasita kubwa, soketi za nyaya bapa, transista zilizofungwa kwenye chuma cha kupozea, na rezista nyeupe za saruji za wati 5 ambazo huchemka na kupoa kila siku mpaka lehemu yake inachoka. Mng'ao usikudanganye. Bodi nyingi za baada ya 2006, mwaka Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme, zina lehemu isiyo na risasi, ambayo hufifia tangu mwanzo ikiwa nzima. Tafuta ufa.

Ukikosa kwa macho, tafuta kwa kijiti. Amplifaya iwe wazi, imewashwa, chombo kinalia noti ndefu, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Kijiti kikavu cha mishkaki ndicho kifaa bora: chembamba, hakipitishi umeme, na ukikivunja unachukua kingine. Gusa na kubonyeza kidogo kifaa kimoja kimoja. Anza mbali, usogee polepole. Ukigonga kwa nguvu bodi nzima itatikisika na hutajua ni wapi. Ile ya kukata baada ya joto, ipulizie draya ya nywele eneo dogo kwa wakati.

Ukipata mguu wenye ufa, zima, chomoa, pima chaji tena. Nyonya lehemu yote ya zamani kwa pampu, weka mpya ya 60/40 (bati 60, risasi 40) yenye rozini ndani, pasi ya kulehemu ikiwa nyuzijoto 350 hivi, sekunde mbili au tatu. Kuyeyusha tu ile ya zamani bila kuongeza mpya ni kuahirisha. Soketi za nyaya bapa zichomoe na kuzirudisha mara kadhaa. Rilei ikionekana ndiyo inayoitikia kijiti, badilisha kwa yenye volti ileile ya koili.

Jaribio la mwisho, na kwenda kwa fundi

Funga boksi kwa skrubu zote, kwa sababu kufunga kwenyewe huvuta nyaya. Ipige kwa sauti ya kazini kwa saa nzima, besi ikiwa ndani, kisha ihamishe kama mnavyoihamisha siku ya shughuli na uipige tena.

Ikikushinda, usimwambie fundi "inakata". Andika kwenye karatasi uibandike juu: inakata baada ya dakika ngapi, taa inawaka au la, upepo upo au haupo, waya wa SEND na RETURN unasaidia au hausaidii, ukibonyeza wapi inarudi. Nenda na gitaa lako na waya wako, mkae hapo wote wawili mpaka ikate mbele yake.